Kinasa sauti cha barazani, cha ngomani na cha ufukweni: kipi kinakufaa ukiwa Bagamoyo

Bagamoyo maikrofoni ina maadui wawili: upepo na ngoma. Upepo haupumziki, kaskazi ikiondoka kusi inaingia, na ngoma ukiishi karibu na TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, unaisikia hata usipoitafuta. Kwa hiyo anayetaka kununua kinasa sauti kidogo cha mkononi hapa kwetu asianze kwa kuuliza kina biti ngapi, yaani kinaipima sauti kwa undani gani. Aanze kwa kujua atakisimamisha wapi: barazani mbele ya bibi anayesimulia, uwanjani mbele ya wapigaji, au ufukweni pale samaki wanaponadiwa. Chombo kinachotamba mahali pamoja kinaaibika pengine.

Ninavyovilinganisha ni hivi: simu uliyo nayo tayari, Sony ICD-PX470, Tascam DR-05X, na Zoom (kampuni ya vinasa, si ile ya mikutano ya mtandaoni) za ukoo wa H1, yaani H1n iliyotoka 2018 na mdogo wake H1essential wa 2024. Mashine zenye matundu ya XLR, yale makubwa ya maiki za studio, kama Zoom H4n Pro au Tascam DR-40X, nimeziacha makusudi. Ni nzuri, lakini ukishaanza kubeba maiki za waya mnene na stendi zake, hapo huzungumzii tena kinasa cha mfukoni, unafungua studio. Kwa bei za Marekani zilipotoka, Tascam na Zoom hizi zilikuwa dola 100 hadi 120 hivi, na Sony iko chini yake. Bado usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka, basi ukitajiwa zaidi Kariakoo usidhani umelengwa wewe.

Simu kwanza

Anayekwambia simu haifai kabisa kurekodi anakuuzia kitu. Kwa maneno matupu, mahali penye utulivu, simu ya kawaida inatosha mradi iwe karibu. Umbali una nguvu kuliko bei: ukiupunguza kwa nusu, sauti ya msemaji inapanda kwa takriban desibeli 6, huku mlio wa bodaboda za barabarani ukibaki vilevile. Simu iliyolazwa juu ya mto, shibiri mbili kutoka kinywani mwa bibi, itakupa maneno safi kuliko kinasa cha maana kilichosahauliwa juu ya kabati.

Ila usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ule hubanwa kwa Opus, mbinu ya kupunguza ukubwa wa faili, ili upite upesi mtandaoni, na kilichotupwa wakati wa kubana hakuna fundi wa kukurudishia. Tafuta programu inayotoa WAV, faili la sauti isiyobanwa, au angalau inayokuachia uchague ubora, kisha weka simu katika hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya kisa inamkata msimuliaji, na mzee akishakatizwa, akirudi kwenye kisa huwa ameruka kipande.

Kwenye muziki ndiko simu inakoanguka, na kinachoiangusha ni ule ujuzi uliotiwa ndani yake. Imetengenezwa kwa mazungumzo, basi inajiongezea na kujipunguzia sauti yenyewe. Ngoma ikilia, inajikunja; wapigaji wakipumua kidogo, inafunguka na kuvuta minong'ono ya watazamaji na jenereta ya jirani. Ukija kusikiliza, sauti inapanda na kushuka kama kuna mtoto anachezea kitufe cha redio.

Halafu kuna huko kuondoa kelele. Simu nyingi zikisikia kitu kinachovuma mfululizo hukiona uchafu na kukifuta. Sasa irekodie ilimba. Chombo hiki cha Wagogo, ambacho marehemu Hukwe Zawose aliyeishi hapa Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003 alikifikisha kwenye majukwaa ya nje, utamu wake umo katika ule mvumo unaosindikiza kila chuma kinapodonolewa. Mvumo ukifutwa, unabaki na vidole vinavyogonga vyuma. Programu chache za simu hukuruhusu kuzima mambo hayo mawili, kujirekebisha kwa sauti na kuondoa kelele. Kama yako inaruhusu, zima. Kama hairuhusu, kwa muziki tafuta kinasa.

Sony ya maneno

ICD-PX470 haina la kujivunia, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Inatumia betri mbili za rimoti, yaani AAA, ina GB 4 za ndani na tundu la kadi ya microSD, na ukirekodi kwa MP3 betri zinavuka saa 50. MP3 ya kbps 128 inakula MB 58 hivi kwa saa, kwa hiyo hata bila kadi una nafasi ya kutosha kazi ya muda mrefu. Plagi yake ya USB imo mwilini mwake. Unaisukuma inachomoza, unaichomeka kwenye laptopu, hutafuti waya. Katibu wa kikao, mwanafunzi anayefanya mahojiano ya utafiti, mwandishi wa redio, hao hawahitaji zaidi ya hapo.

Kuna jambo ambalo boksi halikuandikiwa: umbo lake. Inafanana na simu ya vitufe. Umempa mzee shikamoo yake, umeomba ruhusa ya kurekodi, amekubali. Ukitoa sasa kitu chenye vichwa viwili vya chuma na manyoya juu, atazungumza nacho hicho badala ya kuzungumza nawe, na atazungumza kwa Kiswahili cha mkutanoni. Sony inakaa juu ya mkeka na baada ya muda mfupi inasahaulika. Kwa mtu anayekusanya simulizi za nyumbani faida hiyo ni kubwa kuliko maiki bora.

Upungufu wake: inaishia kwenye WAV ya 44.1 kHz na biti 16, yaani inaipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 16. Ni kiwango cha CD, hakuna aibu. Lakini kama una kanda za zamani za taarabu unataka kuzihamishia kwenye kompyuta zisije zikaoza, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza usishuke chini ya 48 kHz na biti 24. Hapo Sony inatoka, na Tascam na Zoom zinaingia, maana zote zinapokea waya kutoka kwenye deki ya kaseti. Na ngoma? Hapana. Sony uiache nyumbani.

Tascam na Zoom: tofauti iko kwenye masikio

Ukisoma karatasi za DR-05X na H1n utadhani ni mapacha. Zote zinarekodi WAV hadi 96 kHz na biti 24, zote zina skrini ndogo ya kukodolea macho juani, zote ni za plastiki na zote zina tundu la skrubu la kufungia kwenye stendi ya kamera. Kinachozitenganisha ni maiki. Za DR-05X zinasikia pande zote sawasawa. Za H1, ya zamani na mpya, zimepishana kwa nyuzi 90 na kila moja inasikia zaidi kilicho mbele yake, nyuma inasikia kidogo.

Hilo ndilo la kuamulia, na kila mtu aamue kwa kazi yake.

Nyumba yako iko ukingoni mwa barabara na baraza linatazama bajaji? Zoom ina faida. Muweke mzee atazame barabara, wewe uipe mgongo, kinasa kikiwa kati yenu kimemwelekea yeye. Barabara sasa iko nyuma ya maiki na sauti yake inapungua. Haipotei, msidanganyane, lakini inapungua vya kutosha maneno kusomeka. Gharama yake ni kwamba maswali yako nayo yako nyuma, na yatasikika kwa mbali.

Mnakaa wawili au watatu kwenye mkeka, uani, mnajadiliana? Tascam. Unaiweka katikati na kila mmoja anasikika kwa haki yake bila kugeuzageuza chombo.

Upepo nao unaipendelea Tascam. Maiki ya pande zote kwa asili yake haisumbuliwi na upepo kama maiki ya kuelekezwa, wala haikamati sana ule mkwaruzo wa vidole unapokishika kinasa. H1n ina sifa mbaya hapo. Ukiishika mkononi kila unapohamisha kidole unasikika. Iweke kwenye stendi ndogo au usiiguse. Na besi ya chini ya ngoma kubwa maiki za pande zote huishika kwa ukamilifu zaidi, wakati Zoom inakupa mpangilio mzuri wa kushoto na kulia: unasikia msondo uko huku, chapuo iko kule. Anayeipenda Tascam lakini anataka maiki za kuelekezwa amtazame ndugu yake, DR-07X, ambaye maiki zake zinageuzwa.

Betri: DR-05X inakula mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na kwa alkalaini inakwenda saa 17 hivi kwa hesabu ya mtengenezaji. H1 zote mbili zinakula za rimoti na hesabu yake ni saa 10. Betri za bei rahisi za duka la mtaani zitakufia katikati ya shughuli. Nunua alkalaini, au za kuchaji za NiMH, na ukitumia za kuchaji iambie menyu, la sivyo kipimo cha betri kitakudanganya. Zote zinaendeshwa pia na pawabenki, jambo jema umeme ukikatika. H1essential ndiyo yenye USB-C. H1n na DR-05X zinataka ule waya wa zamani wa micro-USB unaopotea majumbani siku hizi.

Urahisi wa kuwasha kazi hauko sawa. Zoom unabonyeza kitufe chekundu mara moja na imeanza. DR-05X ukibonyeza mara ya kwanza taa inawaka na kuzima tu, imejiandaa, haijarekodi. Lazima ubonyeze tena. Kwa anayependa kupima sauti kabla ni utaratibu mzuri. Kwa mjomba aliyekabidhiwa kinasa harusini huku anatafuta kiti, ni mtego. Kama chombo kitapita mikono mingi, hilo peke yake linatosha kukupeleka Zoom. H1essential ina jambo jingine la heshima: inaweza kuitamka menyu kwa sauti, ingawa si kwa Kiswahili, na kwa mtu asiyeona hiyo si pambo.

Ngoma, na habari ya biti 32

Wachezaji wa TaSUBa, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, wakiingia uwanjani na ngoma kamili, maiki ndogo inapokea zaidi ya ilivyozoea. Sauti ikizidi kiwango inapasuka, na rekodi iliyopasuka haishoneki. Kwa DR-05X na H1n dawa ni ya kizamani: waombe wapigaji wapige kwa nguvu zao zote kabla ya shughuli, punguza kiwango cha kuingiza sauti hadi vilele vya sauti kwenye skrini viguse desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo, kisha acha kitufe. Usikitie kinasa mdomoni mwa ngoma. Rudi nyuma hatua kadhaa, kiinue juu ya vichwa vya watu kwa stendi, na zima kujirekebisha kwa sauti kama kumewashwa, maana ni ule ule ugonjwa wa simu.

H1essential imekuja na njia nyingine. Inarekodi kwa biti 32 za floti, hesabu yenye nafasi pana mno, na haina hata kitufe cha kiwango cha kuingiza sauti. Mnong'ono na kishindo vinaingia faili moja, ukifika nyumbani unapandisha au kushusha kwenye kompyuta na kilichoonekana kimepasuka kinarudi salama. Kwa anayerekodi peke yake, anayecheza huku anarekodi, au asiyejua lini ngoma itapanda, ni nafuu kubwa kweli.

Lakini sifa hizo zinatangazwa kupita kiasi. Biti 32 zinalinda hesabu ndani ya mashine. Haziulindi utando wa maiki. Ukiiweka maiki kwenye ngozi ya ngoma ikazidiwa yenyewe, faili litahifadhi kwa uaminifu mkubwa sauti iliyokwisha kuharibika. Upepo nao ni hivyo hivyo. Tena faili hizo ni nzito, karibu GB 1.4 kwa saa kwa stereo ya 48 kHz, wakati biti 24 ni kama GB 1, na si kila programu ya simu itazifungua. Asiye na kompyuta, anayetaka kurekodi jioni na kutuma usiku huo huo, atapata kazi ya ziada ambayo DR-05X isingempa.

Upepo wa bahari

Hapa sitanii. Kinasa chochote kati ya hivi, kikipelekwa soko la samaki bila manyoya juu ya maiki, kitakuletea ngurumo tupu. Sponji inayokuja na baadhi ya vifaa inazuia pumzi ya msemaji na upepo mwepesi wa uani, basi. Ufukweni unahitaji kofia ya manyoya yenyewe, na kwa pesa ndogo inakupa zaidi kuliko kupanda daraja la kinasa. Ukiikosa, fundi cherehani anaweza kukushonea kwa kipande cha manyoya bandia. Mwambie asiibane, maana nafasi ya hewa kati ya manyoya na maiki ndiyo inayofanya kazi. Jaribu kwanza kwa kuvaa hedifoni na kutembea nayo upepo unapotokea.

Mengine ni akili ya kawaida. Asubuhi mapema upepo wa baharini haujachangamka kama alasiri. Ukuta wa nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe unakinga vizuri, na mgongo wako mwenyewe pia. Vinasa hivi vya Tascam na Zoom vina kichujio cha kukata sauti za chini. Kwa maneno ya mtu, kiwashe kwenye 80 Hz au inayokaribia hapo. Kwa ngoma kizime, maana utakuwa umeikata miguu ngoma yenyewe. Na kichujio hakiokoi maiki iliyokwisha zidiwa na upepo; kinasafisha kilichobaki tu.

Chumvi ya hewa nayo inakula vyuma taratibu. Kitie kinasa kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usiache betri ndani ukikiweka muda mrefu.

Ningenunua kipi

Mtu wa hapa akiniuliza aanze na kimoja cha kila kazi, namwambia DR-05X na kofia ya manyoya. Inastahimili upepo kuliko Zoom, betri zake ziko kila duka, mazungumzo ya mkekani inayapokea vizuri na ngoma inaimudu ukiipa nafasi. Kasoro yake ya kubonyeza mara mbili unaizoea. Anayerekodi ngoma na ana kompyuta nyumbani, au anayewapa wengine chombo, achukue H1essential. Anayekwenda kwa maneno tu, na hasa kwa wazee, Sony, na abaki na chenji. H1n ningeinunua kama ya mkono wa pili kwa bei ya kweli ya mkono wa pili, si vinginevyo. Kikomo chake cha kadi ni GB 32 na kadi ndogo hivyo zimeanza kuwa adimu madukani. DR-05X inakubali hadi GB 128, H1essential inakwenda mbali zaidi ya utakavyohitaji.

Ukiongeza maiki ya kubana shatini, itazame plagi. Ya simu ina vikuku vitatu vyeusi, ya kinasa ina viwili, na ukichanganya huenda usisikie kitu. Maiki hizo pia zinahitaji umeme kidogo kutoka kwenye kinasa, na kwenye menyu kuna mahali pa kuuwasha. Watu wengi wamerudisha maiki nzima dukani kwa sababu hiyo.

Kadi ndiyo inayoghushiwa zaidi ya kinasa. Ile iliyoandikwa GB 128 inaweza kuwa na GB 8 za kweli, na inajifanya inarekodi hadi mwisho. Kabla ya kuiamini ipitishe kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, au ijaze faili hadi itapike kisha uzifungue moja moja. Dukani nenda na betri zako na hedifoni yako. Rekodi dakika moja ya kelele za barabarani, nyingine ya kimya ndani, usikilize kama kimya kina mvumo mzito wa "shii", bonyeza kila kitufe, tikisa tundu la hedifoni. Duka likikataa kukufungulia boksi ujaribu, vuka barabara uingie la pili.